Mwalimu wa Vizingia

Mwalimu wetu wa fizikia hakutuita kwa majina. Alituita kwa kata tulizotoka. Mimi nilikuwa Mashewa. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alikuwa Kerenge, na msichana mmoja mrefu wa mstari wa nyuma alikuwa Vugiri. Ikitokea wawili wametoka kata moja, mmoja alipewa jina la kitongoji chake na hakuna aliyelalamika.

"Mashewa, simama. Kwenye saketi hii mkondo unakwenda upande gani?"

Nilisimama, nikajibu.

"Umejuaje?"

Swali hilo la pili ndilo lililotutoa jasho. La kwanza mtu aliweza kulikariri kutoka kitabuni. La pili lilikuacha umesimama, mikono imeshika dawati, darasa zima linakutazama, naye akisubiri bila hasira na bila haraka. Aliweza kusubiri mpaka kengele igonge. Sauti yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo alipoingia tulinyamaza wenyewe ili tumsikie.

Alikuwa mwanamke wa Handeni, mfupi, ushungi umebanwa kwa pini mbili, kalamu tatu mfukoni. Nyumbani kwao walisema Kizigua, na kwetu darasani hakukitumia ila katika kuhesabu. Akiwa ubaoni na hesabu ndefu ungeona midomo yake inacheza, namba zinapita kwa lugha ya mama yake, halafu jibu linatoka kwa Kiswahili.

Mji wa Korogwe ni wa joto, kila mtu anajua. Yeye alivaa sweta. Ikifika mwezi wa sita, sisi tukiona afadhali kidogo, yeye aliongeza la pili. Jambo hilo lilituchekesha kwa sababu tulijua alikuwa amekaa Ulaya miaka mingi akifanya kazi na baridi ambayo haipo mahali popote duniani pasipo mashine, baridi inayogeuza hata hewa kuwa kimiminika. Vugiri, ambaye kwao milimani baridi ipo kweli, alimuuliza siku moja, "Mwalimu, baridi ya huko hukuizoea?" Akajibu, "Ile ilikuwa ndani ya chupa. Mimi nilikuwa nje, na sweta."

Kwa nini alirudi, mji ulikuwa na majibu yake. Wengine walisema alifukuzwa, wengine kwamba aliachika huko, wengine kwamba kichwa kilimzidi. Mwalimu mmoja wa kiume alimuuliza ofisini mbele yetu, kwa mzaha, aliacha nini Ulaya. Alikuwa akisahihisha madaftari. Hakuinua macho.

"Nilikuwa napima kitu," alisema. "Sijamaliza kukipima."

Tulipofika kidato cha tatu alituonyesha kitu hicho kilikuwa nini. Aliingia darasani na sinia la mbao alilotengenezewa na fundi wa samani pale karibu na stendi. Ndani yake palikuwa na vishimo vya pembetatu vilivyochongwa safu kwa safu, ncha zote zikielekea upande mmoja. Chini ya mkono alikuwa na kopo la gololi.

"Chukueni metali," alisema, "mwitandaze iwe nyembamba kuliko kitu chochote mlichowahi kushika. Iwe utando. Ipozeni kwa baridi ile niliyowaambia. Umeme utapita humo bila kukwama, bila joto, bila kupotea hata kidogo. Sasa sogezeni sumaku. Nguvu ya sumaku haiingii yote kwa pamoja. Inapenya kwa nyuzi nyembamba, na kuuzunguka kila uzi umeme unazunguka kama maji ya karai yanayotoka kwenye tundu. Kila kimoja mimi nakiita kizingia."

Aliandika neno hilo ubaoni. Akaendelea kutuambia kwamba vizingia vikitulia, utando unabaki vile vile, lakini vikianza kutembea volti inatokea, na alama ya volti hiyo, ya kujumlisha au ya kutoa, inakuambia vinatembea kwenda upande gani. Haiwezekani kuviona kwa macho. Unasoma alama tu.

"Sasa nimetoboa vitundu vya pembetatu kwenye utando. Vidogo, darubini ya shule haivioni. Navisukuma vizingia mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa nguvu ile ile. Vitakwenda wapi?"

"Vitarudi palepale," alisema Kerenge.

"Umejuaje?"

Mwalimu akatia gololi chache kwenye sinia, akalitikisa mbele na nyuma, taratibu, mkono haulemei upande wowote. Gololi zikaanza kusogea. Zilikwenda zikirudi, lakini kila safari zilipata hatua moja kuelekea kwenye ncha, mpaka zote zikalala ukingo mmoja. Darasa lilipiga kelele. Halafu akamimina kopo zima. Akatikisa vile vile. Zilizoangukia kwenye vishimo zilitulia humo, na zile zilizokosa nafasi, zilizobanwa katikati, zikaanza kwenda upande wa pili.

"Hii," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona anatabasamu akiwa kazini, "hii ndiyo niliyoiona."

Sinia hilo halikukubali kila siku. Siku nyingine gololi zilikwenda zilikotaka, naye alikaa nalo wakati wa mapumziko akikwangua vishimo kwa msasa. Katika siku moja ya namna hiyo alikuja shuleni mzee mmoja mfugaji kutoka nyika za Handeni, baba wa mwanafunzi mwenzetu, kumwombea mwanawe ruhusa. Alisimama na fimbo yake mlangoni mwa maabara akatazama sinia kwa muda mrefu.

"Hili ni lango la josho," alisema.

Mwalimu akaacha msasa. "Josho la kuogeshea ng'ombe, mzee?"

"Ndiyo. Ukileta ng'ombe wachache wanaingia vizuri, njia inawabana wanakwenda mbele. Ukileta wengi kwa mara moja, wa mbele wanajaa, wa nyuma wanageuka wanarudi walikotoka."

"Wanageuzwa na nini? Na ukuta?"

"Na wenzao. Ng'ombe hapendi kifua cha mwenzake."

Mwalimu alimvutia mzee kiti, akachukua kalamu, akamwomba arudie. Waliongea karibu kipindi kizima, yeye akiuliza njia ya josho ina upana gani na ng'ombe wa ngapi ndiye anayeanza kugeuka, mzee akijibu kwa uhakika wa mtu aliyesimama pale langoni maisha yake yote. Mwanafunzi alipata ruhusa bila mtu kuuliza sababu. Wiki iliyofuata tuliposoma kwamba vizingia navyo vinasukumana, mwalimu hakutafuta mfano mwingine. Alisema kizingia hakipendi kifua cha mwenzake, na tukaelewa mara moja.

Nimesema alikuwa mvumilivu, na ni kweli, lakini si kwa kila jambo. Hakuvumilia mtu aliyefuta. Mtihani ulioandikwa kwa kalamu ya risasi aliurudisha bila kuusahihisha. Ukikosea ulitakiwa kupiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, na kuandika jibu jipya pembeni. Aliyeandika "hapa nilikosea" na kueleza alikosea wapi alipata maksi zaidi ya aliyepatia kwa bahati. Wasichana watatu wa darasa letu walipenda fizikia kwa sababu hiyo tu. Lilikuwa somo pekee ambalo kukosea hakukuwa aibu.

Lakini yeye mwenyewe? Kwa miaka yote aliyonifundisha sikumsikia akikiri kosa. Siku moja aliandika kanuni kinyume ubaoni, Kerenge akanyoosha mkono kumwambia. Mwalimu alitazama ubao, akachukua dasta, akafuta, akaandika iliyo sahihi. "Endeleeni," alisema. Tulitazamana. Yule aliyetukataza kufuta alikuwa amefuta.

Sababu yake niliijua baadaye, nilipomaliza chuo kikuu na kupata nafasi ya kusoma zaidi nje, katika maabara inayofanya kazi ile ile ya tando na vizingia. Nilikwenda kumuaga. Wakati huo alikuwa bado Korogwe, kwenye nyumba yake ya vyumba viwili yenye madaftari mpaka jikoni na sufuria tatu zilizoungua chini kwa sababu alihesabu huku anapika. Alinikaribisha chai ya maziwa, akanisimulia kwa sauti yake ndogo, kama anayemsimulia mtu habari ya jirani.

Huko Ulaya alipima utando wake siku mbili. Siku ya kwanza, sumaku ikiwa ndogo, volti ilitoka na alama ya kujumlisha. Alipoongeza sumaku, vizingia vikawa vingi, ikageuka kuwa ya kutoa. Vizingia vilikuwa vimegeuza njia. Alifurahi mpaka akasahau kula. Siku ya pili akarudia, na mambo yakatoka kinyume kabisa: sumaku ndogo ikatoa alama ya kutoa, sumaku kubwa ya kujumlisha. Siku ya tatu utando ukaungua kabla hajaanza, na mwingine kama ule haukuwepo.

Mwenzake wa meza moja, kijana mwenyeji wa huko, alimwambia wazi, "Umechanganya nyaya. Hakuna vizingia vilivyogeuka."

Yeye akakataa. Alisema nyaya ziko sawa siku zote mbili, utando ndio uliobadilika. Walibishana mbele ya mkuu wa maabara na watu wengine, na kwa hasira akamwita mwenzake mzembe anayewapima wengine kwa uzembe wake. Hawakuongea tena. Mkuu wa maabara akaamua siku zote mbili ziachwe, kazi iandikwe bila hizo. Mwalimu akakataa kutia saini. Muda wake ukaisha, akarudi nyumbani bila shahada aliyoifuata.

"Ulijuta, mwalimu?" nilimuuliza.

"Kutotia saini? Hapana." Alikunywa chai. "Niliona kitu. Nikitia saini nimesema sikukiona."

Akaingia chumbani akatoka na bahasha ya kaki. Ndani yake lilikuwamo daftari la siku zile mbili. Alilishika kidogo kabla ya kunipa.

"Usiamini chochote kilichomo humu," alisema. "Nenda kapime."

Nilikwenda. Sitaeleza miaka ile kwa urefu. Tando zangu za kwanza zilipasuka. Zilizofuata zilikuwa na vitundu vya pembetatu vilivyotoka kama mayai. Msimamizi wangu alinishauri mara mbili nichague jambo jepesi, na mara mbili nilimwomba anipe mwezi mmoja zaidi. Mwishowe nilipata utando mzuri, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kila mmoja ulisema neno moja: sumaku ndogo, kujumlisha, sumaku kubwa, kutoa. Vizingia viligeuka. Nilikaa sakafuni mwa maabara nikalia peke yangu.

Nilifungua daftari lake ili nilinganishe. Siku ya kwanza ililingana na zangu mstari kwa mstari. Siku ya pili ilikuwa kinyume, kama alivyosema. Nikarudi juu kabisa ya ukurasa wa siku ile, mahali ambapo kila mpimaji anaandika jaribio dogo la kuanzia: kabla ya kupoza, unapitisha mkondo wa upande mmoja unaoujua, na volti lazima itoke na alama ya kujumlisha. Ni namna ya kuhakikisha nyaya zimekaa sawa. Siku ya kwanza aliandika namba na alama ya kujumlisha. Siku ya pili aliandika namba ile ile, na mbele yake palikuwa na kistari kifupi, chembamba, kilichogusana na mstari wa karatasi. Alama ya kutoa.

Kuhusu nyaya, mwenzake alikuwa amesema kweli. Nyaya ziligeuzwa siku ya pili.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Ningeweza kuandika habari ya siku ya kwanza peke yake, nikamshukuru mwalimu wangu, naye akazeeka akiamini alivyoamini. Msimamizi wangu alitaka kazi itumwe haraka. Lakini nilipokaa na karatasi nikageuza alama zote za siku ya pili, niliona kitu ambacho kisingeweza kuandikwa kabla yeye hajakijua. Nikaomba likizo nikapanda ndege.

Alikuwa amestaafu, amerudi kwao Handeni. Nilifika adhuhuri imepita. Nilimkuta uani, mahindi yametandazwa juani, naye ameketi kwenye kigoda kivulini, na sweta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Umepima?"

"Nimepima."

"Vimegeuka?"

"Vimegeuka. Tando tatu, zote."

Alishika goti lake kwa mikono miwili akatikisa kichwa polepole. Halafu akaanza kuuliza, moja baada ya jingine, unene wa utando, joto, kama niligeuza sumaku nikatazama tena, kama kuna mtu mwingine aliyepima bila kuambiwa jibu. Nilijibu yote. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona, na hapo ndipo ilipokuwa vigumu kuliko popote.

"Mwalimu, kuna jambo jingine."

Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa siku ya pili, nikaweka kidole chini ya kile kistari. Alivaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena. Kuku walipanda kwenye mahindi na hakuna aliyewafukuza.

"Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna. Mimi tu."

"Kurasa hizi nimezisoma mara nyingi sana," alisema. "Nimezisoma mpaka nikawa sizioni."

"Geuza alama za siku ya pili, mwalimu."

Alinitazama. Nikampa karatasi na kalamu. Alianza na mstari wa kwanza, midomo inacheza kwa Kizigua, akashuka mpaka wa mwisho, akaiweka karatasi ile kando ya ukurasa wa siku ya kwanza. Hakuhitaji nimweleze. Siku zote mbili zilisema jambo moja. Angekubali siku ile kwamba nyaya ziligeuzwa, angekuwa na vipimo viwili vinavyokubaliana mkononi, na hakuna mkuu wa maabara ambaye angeweza kuviacha.

Adhana ya alasiri ilisikika. Aliinuka akaenda kutia udhu, akaswali ndani. Alikaa muda mrefu kuliko sala. Mimi nilifukuza kuku, nikasawazisha mahindi, nikijiuliza kama nimemtendea wema au nimemwondolea kitu pekee alichorudi nacho. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, lakini alitembea kwa hatua za darasani.

"Yule niliyemtukana yu hai?"

"Yu hai. Tulikutana kwenye mkutano. Watu wa kazi hii ni wachache, wanajuana."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo."

"Piga."

"Sasa hivi, mwalimu? Hutaki kwanza kupumzika, ufikirie utakalosema?"

"Nimepumzika miaka yote hii. Piga."

Nilipiga. Simu ililia mara kadhaa, mtu akapokea, nikajitambulisha na kumwambia kuna mtu anataka kuongea naye. Mwalimu alichukua simu akasimama. Kiingereza chake kilikuwa na kutu mwanzoni. Alitaja alikuwa nani na meza gani walikaa. Kisha akasema, neno kwa neno, hakupunguza, kwamba siku ya pili nyaya ziligeuzwa, kwamba yeye ndiye aliyezigeuza, kwamba alimwita mzembe mbele ya watu na uzembe ulikuwa wake, na kwamba anamwomba msamaha.

Upande wa pili nikasikia sauti ya mzee anacheka taratibu, au analia, sikuweza kutofautisha. Alisema maneno machache. Mwalimu akaitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Na mimi pia." Kisha yule mtu akauliza kitu kifupi, na nilimwona mwalimu ananyooka mgongo.

"Siku ya kwanza?" alisema. "Siku ya kwanza nyaya zilikuwa sawa. Tena nisikilize vizuri, maana hapo ndipo ulipokosea wewe."

Akaivuta ile karatasi kwa mkono wa kushoto, akaanza tangu mwanzo, sumaku ndogo, vizingia vichache, ncha ya pembetatu. Mzee alimbishia, nilisikia, naye akambishia zaidi. Niliingia jikoni kuchemsha chai. Nilipotoka na vikombe alikuwa bado amesimama katikati ya mahindi yake, simu sikioni, amefika kwenye josho la Handeni, anamweleza mtu aliyeko mbali sana ni ng'ombe wa ngapi ndiye anayeanza kugeuka.